Wanawake wa Njiani: Habari za Watumishi wa Kike Katika Kanisa la Masasi



Mwaka wa 2026 Kanisa letu la Masasi latimiza jubilei mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni miaka 150 tangu Askofu Edward Steere alipofika chini ya majabali haya, akifuatana na watu waliokombolewa katika utumwa. Ya pili ni miaka 100 tangu Masasi ilipotengwa na Dayosisi ya Unguja, ikawa dayosisi yenyewe, na Padre Vincent Lucas akawekwa kuwa Askofu wake wa kwanza. Katika sherehe za namna hii desturi yetu ni kusoma orodha ya maaskofu, kisha ya mapadre, kisha ya walimu wa kwanza. Ni desturi njema, wala sitaki kuipunguza. Walakini mtu akiisoma orodha ile tangu juu hata chini, atadhani Kanisa hili lilijengwa na wanaume peke yao. Basi nimeona inafaa niandike kidogo habari za wanawake waliotumika humu, na hasa habari za hali yao, kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wa njiani.

Nikisema mtu wa njiani, maana yangu ni hii: mtu aliyeondoka alikokuwa, naye hajafika aendako. Njiani hapana kizingiti ambacho mtu aweza kukikalia akasema, Hapa ni kwetu. Hata leo wako wengi wa namna hiyo katika mitaa yetu. Yuko msichana aliyekwisha fundishwa kazi ya uinjilisti, naye hajapewa mahali pa kuifanya. Yuko mke wa padre aliyehamishwa, ambaye kila baada ya miaka michache huacha shamba lake na shoga zake, akaanza upya. Yuko mjane wa mwalimu. Yuko bibi asiyeolewa, wala si sista, ambaye watu hawajui wamweke safu gani. Hao wote huuliza moyoni, Je! mimi ni wa wapi? Swali lao si geni kwetu. Kanisa hili la Masasi lilianzishwa na watu waliokuwa wakiliuliza swali hilo hilo.

I. Mbweni

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia mkono katika mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale pale palipokuwa na soko. Lakini biashara haikuisha siku moja. Majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikaendelea kuyakamata. Watu waliotolewa katika majahazi hayo waliitwa mateka. Baadhi yao walipewa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliiita U.M.C.A., ili iwatunze. Wavulana walisomeshwa Kiungani. Wasichana, pamoja na watu wazima waliopewa vibanda na mashamba, waliwekwa Mbweni, katika shamba lililo kusini ya mji, ambalo Askofu Tozer alikuwa amelinunua mwaka wa 1871.

Fikirini hali ya msichana aliyefikishwa Mbweni. Alitekwa angali mdogo, labda katika nchi ya Wayao, au ya Wamakua, au ya Wanyasa. Alitembezwa mpaka pwani. Huenda mamaye alikufa njiani, au aliuzwa kwa mtu mwingine. Akatiwa katika jahazi, na jahazi likakamatwa na watu wa rangi asiyopata kuiona. Akaambiwa kwamba sasa yu huru. Lakini huru aende wapi? Jina la kijiji chao hakulijua ila kwa sauti ya kitoto, na hata angalilijua, njia ilikuwa ile ile ya watekaji. Lugha ya kwao ilianza kumtoka, na Kiswahili kilikuwa hakijamwingia sawasawa. Si mtumwa tena, wala si mwenyeji.

Mwaka wa 1877 alifika Mbweni Bibi Caroline Thackeray kutoka Uingereza, akaongoza shule ya wasichana kwa miaka mingi. Alipoacha kazi ya kuongoza hakurudi kwao. Alikaa kule kule Unguja mpaka alipofariki mwaka wa 1926, ndio mwaka iliozaliwa dayosisi yetu. Wasichana wake walifundishwa kusoma, kuandika, kushona, na mambo ya dini. Walioonekana kuwa wepesi wa kusoma walifanywa walimu, na wengine walipewa kazi za mikono. Kisha wengi wakaozwa kwa vijana wa Kiungani waliokuwa wakitumwa bara kuwa walimu, mashemasi na mapadre. Ndoa hizo zilipangwa kwa sehemu kubwa na wakubwa wa Misheni wenyewe, kwa kuwa hawakuwako wazazi wa kuzipanga.

Katika habari za zamani hizo wanawake hawa hutajwa kama nyongeza: fulani alitumwa bara pamoja na mkewe. Lakini yule mke naye alikuwa mwalimu. Alikuwa amesoma vyuo vile vile vya Kiswahili ambavyo Askofu Steere alivipiga chapa, na katika kijiji alikokwenda mara nyingi alikuwa mwanamke wa pekee ajuaye kusoma. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa Misheni hii kupewa upadre, mwaka wa 1890, alifanya kazi miaka mingi Chitangali katika nchi yetu. Mkewe alikuwa mtu wa Mbweni. Tukisifu Chitangali, tusiisifu nusu.

II. Njia ya Lindi

Askofu Steere alikuwa na shauri ambalo watu wake walilipenda sana: kuwarudisha mateka bara, karibu na nchi walizozaliwa, ili wawe mbegu ya Kanisa huko. Mwaka wa 1875 alikwenda yeye mwenyewe kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Mataka, jumbe mkubwa wa Wayao. Mwaka uliofuata akachukua watu wazima zaidi ya hamsini wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, waliotaka kurudi, akaenda nao kwa chombo mpaka Lindi. Tarehe 1 Novemba 1876 msafara ukaondoka Lindi kushika njia ya bara. Pamoja nao alikuwako kijana mmoja Mwingereza, William Percival Johnson, ambaye baadaye alikuwa Archdikoni wa Nyasa.

Kusudi la kwanza lilikuwa kufika katika nchi za Nyasa. Njia ile haikuwa ngeni kwa wengi wao, maana walikuwa wamepita njia za namna ile zamani, wakielekea pwani, shingo zao zikiwa katika kongwa. Sasa waliipita kwa kurudi nyuma, wakiwa huru. Twasoma katika Maandiko habari za Waisraeli waliotoka Misri wakapita jangwani. Lakini nadhani wanawake wale wa Mbweni walilijua jambo moja ambalo Waisraeli hawakulijua: walikuwa wakikanyaga kwa miguu yao wenyewe mahali walipolilia.

Yapata maili 90 kutoka Lindi walifika Masasi. Walikuta ardhi njema, maji, na watu wa makabila yaliyo karibu na makabila yao. Nyasa ilikuwa bado mbali, na nchi ya mbele ilikuwa na hatari. Likafanyika shauri, wakakubaliana kukaa pale pale. Askofu akarudi Unguja, akamwacha Bwana Johnson awatunze. Wakafyeka, wakajenga, wakapanda.

Naomba tupaangalie sana mahali hapa katika habari yetu. Masasi hapakuwa ndipo walipokusudia kwenda. Kwao palikuwa kituo cha njiani. Hawakufika kwao walikozaliwa, wala hawakubaki Mbweni walikolelewa. Walisimama katikati, wakatua mizigo, wakawasha moto, na pale walipowasha moto ndipo lilipo Kanisa letu hata leo. Kama wangalisema, Tusilime hapa maana hapa si kwetu, tungalikuwa na jubilei gani ya kusherehekea? Tena naona ni vema kujua kwamba katika mwaka ule ule wa 1876, mbali sana na hapa, Mary Sumner, mke wa kasisi mmoja wa Uingereza, aliwakusanya wanawake wa parokia ya mumewe, na kutoka mkutano ule ukazaliwa Umoja wa Akina Mama, ambao leo unao wanachama katika kila mtaa wa dayosisi yetu. Hawakujuana, wala hawakusikiana habari. Lakini Mungu alikuwa akipanda mashamba mawili kwa msimu mmoja.

III. Mwanamke asiye na mjomba

Watu wa pwani husema, Mwacha asili ni mtumwa. Mithali hii husemwa kwa wepesi, lakini ilikuwa mwiba kwa wanawake wale. Wao hawakuiacha asili yao; asili ilinyang'anywa mikononi mwao. Na walipofika Masasi, walikuta nchi ambayo ndani yake mwanamke bila asili ni mtu asiye na mahali pa kusimama.

Wazee wa nchi hii hawahitaji kuelezwa jambo hili, ila nitalieleza kwa ajili ya vijana. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, watoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye sauti juu ya mwanamke na watoto wake ni kaka yake au mjomba wake kuliko mume. Wayao huwaita akina dada walio chini ya ulinzi wa kaka yao mbumba, na heshima ya mwanamume hupimwa kwa mbumba yake. Mwanamke akionewa na mumewe, mjomba huja kusema. Akifiwa, mjomba humrudisha nyumbani. Akizaa, mtoto ana kijiji. Basi mwanamke wa Mbweni alikuja katika nchi hiyo naye hana kaka wala mjomba. Alikuwa na cheti cha ubatizo, na mume aliyekuwa vile vile hana watu. Tena alivaa na kusema kama watu wa pwani. Si ajabu kama wenyeji walinong'ona nyuma yake kwamba asili yake ni utumwa. Hata katika Kanisa nong'ono hiyo haikufa upesi. Twajua sisi sote kwamba katika pwani na bara neno la utumwa wa bibi wa fulani liliendelea kuwatesa wajukuu, muda mrefu baada ya minyororo kuoza.

Hapo ndipo Kanisa lilipojaribiwa, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipoanza kuwa Kanisa kweli kweli. Maana kama mwanamke hana mjomba, nani atasimama kwa ajili yake? Jibu la Injili ni kwamba wote waliobatizwa ni ndugu. Jibu hilo ni rahisi kulisema juu ya mimbari. Kulitenda ni kazi. Kulitenda ni kumpokea mwanamke wa namna ile siku ya kujifungua, na kumkalia msiba wake. Ni kumtetea barazani mumewe akimpiga, na kumsimamia mtoto wake kisimani pa ubatizo, si kwa kutaja jina tu, bali kwa kumlea. Msimamizi wa ubatizo katika nchi ya ukoo wa mama si pambo. Kwa mtu asiye na watu, yeye ndiye mjomba, yeye ndiye mama mkubwa. Nawasihi walimu mlifundishe hili neno tena, kwa kuwa siku hizi tunachagua wasimamizi kwa ajili ya zawadi.

Nao wanawake wale hawakungoja tu kupokewa. Kwa kuwa hawakuwa na ukoo mmoja, waliweza kukaa na wa koo zote. Kwa kuwa walijua kusoma, wasichana wa wenyeji waliwafuata. Kwa kuwa walikuwa wamefiwa na kila kitu, mwanamke mwenye msiba hakuona haya kuingia nyumbani mwao. Mara nyingi Mungu humweka mtu katikati ili awe daraja. Kuwa daraja si raha, maana daraja hukanyagwa toka pande zote mbili; lakini bila daraja mto haukuvukwa.

IV. Miaka ya moto

Mnamo Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa hapa waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Kijiji cha Misheni kikateketezwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Tafakarini neno hilo: watu waliokwisha kuwa mateka mara moja, wakakombolewa, sasa walichukuliwa mateka mara ya pili, nao wakiwa wamebatizwa. Baadhi yao walikombolewa. Baadhi hawakuonekana tena. Kazi ikatawanyika. Padre Chauncy Maples akaanza mahali papya Newala, katika nchi ya jumbe Matola, na Masasi ikakaa muda katika unyonge kabla haijasimama tena.

Mwezi wa Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilifika kwetu. Mapadre wa Kizungu walikimbilia Lindi, na majengo ya Misheni Masasi yakachomwa moto. Kisha ikaja njaa iliyofuata vita vile katika nchi nzima ya kusini.

Mwaka wa 1914 vikaanza vita vikuu vya kwanza. Wamisheni Waingereza walikuwa raia wa adui mbele ya serikali ya Kijerumani, basi wakakamatwa na kupelekwa bara, mpaka walipopata kufunguliwa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Kazi yote ya Masasi ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, kama Padre Daudi Machina na Padre Kolumba Msigala. Twawaheshimu sana, na ni haki. Walakini na tuulize: walimu wengi walipochukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na mwaka wa 1917 vita vyenyewe vilipofika katika wilaya zetu na kula vyakula vya watu, nani aliyebaki kijijini? Walibaki wanawake, wazee na watoto. Mahali ambapo mwalimu hakuwako, kama sala ilisaliwa, ilisaliwa na hao. Kama mtoto alikumbuka Imani na Amri, alizikumbuka kwa kuwa nyanya yake alizisema gizani. Wala hawakupewa cheo kwa ajili ya hayo. Vita vilipokwisha, mwanamume akarudi akashika kengele, nao wakarudi katika safu zao upande wa kushoto.

Nikiitazama miaka hii mitatu, 1882, 1905 na 1914, naona kitu kimoja. Kila mara nyumba ya kwanza ilikuwa imevunjika na ya pili haijajengwa, kazi ya wanawake ilionekana. Kila mara nyumba ilipokwisha kujengwa, kazi yao ilifichwa tena ndani ya nyumba. Sisemi hivi kwa uchungu. Nasema kwa sababu historia isemayo nusu humdhulumu msomaji wake.

V. Vyeo vilivyochelewa

Askofu Lucas alijulikana sana kwa kuutia Ukristo ndani ya jando, ili wavulana Wakristo wasilazimike kuchagua kati ya kabila lao na Kanisa lao. Kwa wasichana pia jitihada ilifanyika, nayo ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana mambo ya unyago ni mali ya wanawake, na mwanamume, hata awe Askofu, hana ruhusa kuyaingia. Hapo Kanisa lilikuwa halina budi kuwategemea wanawake wazee Wakristo, waliojua mila na waliojua Injili. Nao walisimama katikati tena: wenzao wa kijijini waliwatilia shaka kwamba wanaharibu mila, na baadhi ya watu wa Kanisa waliwatilia shaka kwamba wanaleta ushenzi. Kazi ya kupambanua jema la kuhifadhiwa na baya la kuachwa waliifanya kwa subira, usiku, mbali na macho ya waandishi wa vitabu.

Kwa mwanamke asiyetaka kuolewa hapakuwa na mahali kwa muda mrefu. Katika mila zetu mwanamke asiyeolewa aliulizwa ana ugonjwa gani. Mwaka wa 1911 Askofu Frank Weston alianzisha Chama cha Mateso Matakatifu, ambacho masista wake wa kwanza walikuwa Wazungu. Wasichana wetu waliwaona, na wengine wakaitamani njia ile. Lakini kati ya kutamani na kupata palikuwa na miaka mingi. Ndipo mwaka wa 1946 kikaanzishwa hapa Masasi Chama cha Mariamu Mtakatifu, kwa ajili ya masista Waafrika, kikilelewa na masista wa Mateso Matakatifu. Leo masista wa Kilimani tunawaona kuwa sehemu ya Masasi kama yalivyo majabali. Lakini tukumbuke wale waliokuwa na wito kabla ya 1946. Waliishi na wito usio na nyumba. Wengine huenda waliolewa kwa kulazimishwa; wengine walikaa wakifagia kanisa na kufundisha watoto mpaka walipozeeka, wakaitwa bibi tu. Hao nao walikuwa na wito, ingawa hawakupata kuvaa mavazi ya sista.

Na katika siku zetu jambo bado halijafika mwisho wake. Katika Kanisa Anglikana la nchi yetu dayosisi nyingine zimewapa wanawake daraja ya ushemasi na ya upadre, na nyingine hazikufanya hivyo. Si kazi yangu katika kitabu hiki cha jubilei kuamua shauri la maaskofu. Lakini naliweka mbele yenu hili: wakati wakubwa wakingali wakishauriana, mwanamke aliyeitwa angali akiishi, angali akila, angali akihitaji kuambiwa akae wapi Jumapili.

Niruhusuni niseme neno moja la nafsi yangu, nami nitaliacha upesi. Mume wangu alikuwa katekista, nami nikafundisha pamoja naye. Alipofariki, niliambiwa na wakubwa wa mtaa ule, kwa upole, kwamba nyumba inahitajiwa kwa mwalimu mwingine, na kwamba darasa langu la wanawake litashikwa na mke wake. Sikukasirika, nyumba haikuwa yangu. Lakini nilikaa miezi saba kwa ndugu yangu, nikienda kanisani kama mgeni, nisijue kama mimi ni mwalimu au ni mjane tu. Nilisoma habari za Ruthu nikaona kwamba hata yeye alipofika Bethlehemu hakupewa kiti; alipewa shamba la kuokota masazo. Siku moja mama mmoja wa mtaa mpya, asiyejua kusoma, alinijia akasema, Mwalimu, wasichana wanne hapa wanataka ubatizo, na hapana wa kuwafundisha. Hakusema, Karibu, jisikie nyumbani. Alinipa kazi. Siku ile nilifika.

VI. Mafundisho kwetu

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huisema mithali hii kwa kucheka, kana kwamba ni ya kumchosha mgeni. Mimi naiona kuwa mithali ya rehema. Mgeni anayelishwa tu hubaki mgeni. Mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa. Wanawake wa Mbweni hawakuwa wenyeji wa Masasi kwa sababu wenyeji waliwapenda mara moja. Walikuwa wenyeji kwa sababu walilima, wakazika, wakazaa, wakafundisha, hata nchi ikawajua.

Basi naomba mambo matatu kwa ajili ya jubilei hii.

Kwanza, kila mtaa na utafute majina. Wako wazee wangali hai ambao bibi zao walifundishwa na wanawake wa kwanza. Waulizeni upesi, maana mzee akifa hafi na habari zake tu, hufa na za wale aliowajua. Andikeni majina hayo katika daftari la kanisa, na siku ya jubilei yasomwe pamoja na ya mapadre. Mahali ambapo jina limepotea, na isomwe kazi: mwanamke aliyefundisha hapa, jina lake alijua Mungu.

Pili, mtaa usimwache mjane wa mtumishi atoke katika nyumba ya kanisa bila kuambiwa anakwenda kufanya kazi gani. Nyumba ni ya mtaa, lakini wito si wa nyumba. Kadhalika msichana aliyemaliza mafundisho asiachwe akae miaka akingoja barua. Mpeni watoto wa Shule ya Jumapili, mpeni wagonjwa wa kutembelewa, mpeni somo la kusoma. Barua itamkuta kazini.

Tatu, nasema nanyi akina mama na dada mlio njiani. Msidharau mahali mlipo kwa kuwa si mahali mlipokusudia. Hana binti Fanueli alikuwa mjane kwa miaka mingi, hana cheo hekaluni, naye alikuwako siku Mtoto alipoletwa. Foibe alikuwa njiani kwenda Rumi, na jina lake tunalisoma mpaka leo. Pale mnapongojea, washeni moto, fundisheni mmoja, limeni kishamba kidogo. Mkiitwa kwenda mbele, mtakwenda. Msipoitwa, mtakuwa mmekwisha kufika.

Nikisimama jioni karibu na Kanisa Kuu pale Mtandi, jabali lililo juu yake huwa jekundu kwa jua la kuchwa, na wanawake hupita chini yake wakirudi mashambani, majembe begani. Mimi hufikiri habari za wale waliopita hapa mwezi wa Novemba 1876, waliochoka, wasiojua kama ni kesho wataendelea au watabaki. Hawakujua kwamba wamefika. Mungu alijua.

Yeye aliyewaongoza hao na atuongoze sisi, katika miaka 100 ya pili ya dayosisi yetu. Amina.